Amina, Aisha, Mariamu, Zainabu au Neema: ulinganisho kwa wazazi wa Arusha na Moshi

Mjadala wa jina la binti huanza kabla kitovu hakijadondoka. Shangazi anataka Zainabu, maana ndilo jina lake naye anatamani kupata wajina. Mama mkwe kutoka Machame anakumbusha kwamba kwa mila ya Kichaga binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Baba naye amekesha na simu, ametoka na orodha ya majina ambayo nyumba nzima haijui hata yanatamkwaje. Siku ya saba inakaribia, mbuzi wa akika ameshatafutwa, na kwenye kadi ya kliniki bado pameandikwa "mtoto wa" likifuata jina la mama.

Nimechukua majina matano yenye asili ya Kiarabu, au yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, ambayo ukiyaita kwa sauti soko la Kilombero pale Arusha au la Mbuyuni pale Moshi kuna mtu atageuka: Amina, Aisha, Mariamu, Zainabu na Neema. Majina mageni ya mtandaoni nimeyaacha, si kwa kuyadharau. Anayelitaka jina geni huwa ameshaamua. Anayekwama ni yule aliyesimama katikati ya haya matano, yote mazuri, na kila moja lina mtu nyumbani anayelitetea.

Tupime kwa vigezo gani

Ninapima kwa mambo matano: maana na chimbuko, watu mashuhuri waliolibeba, umaarufu wake huku kwetu, linavyopokelewa kwenye ukoo wenye dini mbili, na mwisho, linavyokaa kwenye karatasi na vinywani mwa watu. La nne ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine. Kilimanjaro na Arusha ni mahali ambapo Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu hukutana kwenye ukoo mmoja, hula sinia moja na huzikana. Jina ambalo nusu ya ukoo inalitamka kwa kusitasita litamchosha mtoto mwenyewe.

Maana na chimbuko

Amina lina utajiri kuliko linavyoonekana, kwa sababu ni majina mawili ya Kiarabu yaliyokutana kwenye tahajia moja ya Kiswahili. Kuna lile lenye irabu ndefu mwanzoni, Aamina, maana yake aliye salama, asiye na hofu. Na kuna lenye irabu ndefu katikati, Amiina, maana yake mwaminifu, mtu wa kuwekewa amana. Hilo ni umbo la kike la Amin, sifa ambayo watu wa Makka walimwita Mtume Muhammad kabla hajapewa utume. Yote mawili ni ya mzizi mmoja na maneno tusiyoweza kupitisha siku bila kuyatamka: amani, imani, amana, mwaminifu. Kwa Kiswahili huna haja ya kuchagua moja. Lakini ustadhi akitaka kuliandika kwa herufi za Kiarabu atakuuliza umekusudia lipi, kwa sababu kule huandikwa tofauti, na ni vizuri mzazi awe na jibu.

Aisha maana yake aliye hai, anayeishi. Maisha na kuishi ni ndugu zake wa damu. Kwa familia iliyomsubiri mtoto kwa miaka, au iliyompata njiti akakaa wodini wiki nzima huku mama akikamua maziwa kwenye kikombe, sijui jina jingine linalobeba dua nzito hivi kwa silabi chache namna hii. Asha ni Aisha yule yule aliyelainishwa na ndimi za pwani. Tahadhari moja: Wahindi nao wana Asha, lakini la kwao ni la Kisanskriti na maana yake ni tumaini. Ukisoma mahali kwamba Asha ni tumaini, ujue umeingia kwenye jina jingine lililofanana sauti tu.

Mariamu lilianzia kwa Waebrania, Miryam, likapita kwenye Kiaramu na Kisiria likaingia Kiarabu kama Maryam. Maana yake ya asili wataalamu wanaibishania mpaka leo: wapo wanaosema uchungu, wapo wanaosema mpendwa, wapo wanaolirudisha Misri ya kale. Kwa hiyo anayechagua Mariamu hachagui tafsiri, anachagua mtu, yaani mama yake Isa.

Zainabu, kwa kamusi za Kiarabu, ni mti wenye sura nzuri na harufu nzuri. Wengine hulichambua kama zain na ab, pambo la baba, na akina baba wengi hulipenda kwa maelezo hayo. Kamusi lakini huanza na ule mti.

Neema lina hali yake. Neno ni la Kiarabu, ni'ma, lakini kulifanya jina la binti kwa umbo hili ni kazi ya Waswahili wenyewe. Mwarabu akitaka jina kutoka mzizi huo mara nyingi atasema Naima. Nimeliingiza kwa sababu ndilo jina lenye damu ya Kiarabu linaloingia kirahisi kuliko yote kwenye nyumba za Wakristo wa huku, na mzazi Mwislamu naye analichukua bila wasiwasi. Dada yake ni Rehema, kutoka rahma, na wazazi wa mapacha wa kike wanajua ninachosema.

Waliolibeba

Amina wa kwanza kukumbukwa ni Amina binti Wahb, mama yake Mtume. Alifiwa na mume akiwa mjamzito, akamlea mwanawe kwa muda mfupi, naye akafariki al-Abwa, katikati ya Makka na Madina, mtoto akiwa na miaka kama sita. Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria wanamkumbuka Amina wa Zazzau, malkia aliyeongoza majeshi.

Aisha ni binti wa Abubakar, mke wa Mtume, mama wa waumini. Hadithi alizozipokea ni zaidi ya 2,000, na masahaba wakubwa kwa umri walikuwa wakienda kumuuliza masuala ya dini. Sura ya 24, An-Nur, ina aya zilizoshuka kumsafisha na uzushi uliomsibu. Alifariki Madina mwaka 678. Mzazi anayetamani binti msomi, mwenye kauli na asiyeogopa kuuliza, hapa ana kielelezo kilicho wazi.

Na kuna jambo ambalo Watanzania hatulitaji vya kutosha: majina haya mawili yamekalia kiti kimoja cha Umoja wa Mataifa. Asha-Rose Migiro wetu alikuwa Naibu Katibu Mkuu kuanzia 2007 hadi 2012, na tangu 2017 kiti hicho amekikalia Amina J. Mohammed wa Nigeria. Msimulie binti yako hilo akianza kusoma.

Mariamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, na sura ya 19, yenye aya 98, inaitwa kwa jina lake. Humo yumo chini ya shina la mtende, uchungu wa uzazi umembana, peke yake, anatamani angekufa kabla ya hayo. Kisha anaambiwa alitikise shina lile, tende mbivu zimwangukie, ale, anywe, atulie. Mwanamke yeyote aliyejifungua anaijua saa ile. Kwenye Biblia ya Kiswahili ya Union, Luka 1:27, anaandikwa Mariamu vile vile, na Wakatoliki humwita Maria. Katika zama zetu, Maryam Mirzakhani wa Iran alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields ya hisabati, mwaka 2014.

Zainabu wamekuwa wengi kwenye nyumba ya Mtume yenyewe. Bintiye mkubwa aliitwa hivyo. Mkewe Zainabu binti Khuzaima aliitwa mama wa masikini kwa jinsi alivyowalisha. Na mjukuu wake, Zainabu binti Ali, alishuhudia mapigano ya Karbala mwaka 680, akamwona kaka yake Hussein ameuawa, akapelekwa mateka Damascus na huko akasimama mbele ya Yazid, mtawala wa wakati huo, akasema ukweli bila kutetemeka. Mimi nikilisikia jina hili namsikia huyo.

Neema halina mhusika mmoja mkubwa wa kale, na kwa wengine huo ni unafuu: mtoto hajifananishi na mtu, anabeba shukrani ya wazazi wake tu.

Umaarufu huku kwetu

Neema lipo kila mahali. Ingia darasa la shule ya msingi popote kati ya Ngaramtoni na Himo, mwalimu akiita Neema kuna uwezekano wakasimama wawili. Lipo kwa Wachaga, Wameru, Waarusha, Wapare. Kwa watoto wenye ukoo wa Mollel, Laizer au Massawe, wajina ni wengi kiasi kwamba jina la kati ndilo linalowatofautisha. Anayetaka jina la peke yake asiende huko.

Amina na Aisha husikika sana kwenye mitaa yenye Waislamu wengi, Njoro na Pasua kwa Moshi, Kaloleni na Ngarenaro kwa Arusha. Kati yao kuna tofauti ya rika: Asha ni jina la mama na bibi, Aisha ni la mtoto wa leo. Amina halina rika. Linamfaa kichanga na linamfaa bibi wa miaka themanini anayeuza vitumbua. Mariamu nalo limegawanyika kwa mtindo huo, Mariamu kwa wakubwa, Mariam na Maryam kwa wadogo. Zainabu lilitulia kidogo kwa kizazi changu na sasa nalisikia tena, likiandikwa Zainab au Zaynab. Nje ya nchi, Aisha na Maryam yamekuwa kwa miaka mingi kwenye orodha ya majina 100 yanayopewa zaidi watoto wa kike Uingereza na Wales, kwa hiyo binti akienda kusoma huko hatakuwa akitaja jina lake mara tatu ndipo lishikwe.

Nyumba yenye dini mbili

Hapa ndipo majina haya yanapoachana kweli.

Mariamu na Neema yanavuka bila kuombwa kitambulisho. Babu mzee wa kanisa atasema Mariamu akimfikiria mama wa Yesu. Bibi wa upande wa pili atasema Mariamu akimfikiria mama wa Isa. Mtoto anaitika wote. Kwa Neema, upande mmoja una "Neema yangu yakutosha", maneno ambayo utayakuta yameandikwa hata kwenye kioo cha nyuma cha kifodi, na mahubiri ya Kilutheri ya kuokolewa kwa neema ambayo kila mtu aliyekulia mlimani ameyasikia. Upande wa pili, sura ya 16 inasema mkizihesabu neema za Mwenyezi Mungu hamwezi kuzimaliza. Sijui jina jingine la Kiswahili ambalo sheikh na mchungaji wanaweza kulieleza kila mmoja kwa kitabu chake na wote wakaridhika hivyo.

Amina linasimama katikati. Watu hulitambua kama jina la Kiislamu, lakini Wakristo hufunga kila sala kwa neno lenye sauti hiyo hiyo, na nimeona kwenye misiba na harusi jinsi masikio ya Kikristo yanavyolipokea kwa upole. Wapo pia Wakristo walioitwa Amina kwa heshima ya jirani au mkunga aliyempokea mtoto. Kama nyumba ni ya Kiislamu na wakwe ni Wakristo, Amina hufungua mlango ambao Zainabu ingebidi aubishe kwanza.

Aisha na Zainabu yanasema wazi mtoto ni wa dini gani. Kwa nyumba nyingi hilo ndilo linalotafutwa, na ni jema: binti anajua anakotoka, na mtaa unajua. Ila Waislamu wenyewe wana jambo la kuzingatia. Familia za Kishia, ambazo Arusha na Moshi zimekuwapo kwa vizazi, kwa kawaida hazimpi mtoto jina la Aisha kwa sababu ya historia ya vita vya Ngamia vya mwaka 656, ambamo Aisha alikuwa upande uliopigana na Ali. Kwao Zainabu ni kipenzi. Familia za Kisunni huyapenda yote mawili. Kama binti wa Kisunni ameolewa upande huo, au kinyume chake, ni adabu kuuliza kwanza kabla ya kutangaza.

Kwenye karatasi na vinywani

Nesi huandika jina kwa jinsi alivyolisikia, wodini pakiwa na kelele na foleni ikiwa ndefu. Hapo ndipo Zainab anapopata "u" ya mwisho, na Aisha anapogeuka Aysha, Aesha au Asha. Kadi ya kliniki ikishaandikwa hivyo, cheti cha kuzaliwa cha RITA hufuata, halafu shule, halafu vyeti vya NECTA, halafu NIDA. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, binti mwenye miaka ishirini atakuwa anazunguka kutafuta kiapo cha mwanasheria kwamba huyu na yule ni mtu mmoja.

Kwa kigezo hiki, Amina na Neema ni salama kuliko yote. Ni shida kuyakosea. Zainabu na Mariamu yana hatari ya wastani, na tiba yake ni kuamua mapema kama mnataka "u" au hamtaki. Aisha ndilo linalohitaji mzazi mkali: liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, mpe nesi anakili, na kadi ikirudi lisome kabla hujaondoka dirishani.

Vinywani, Amina hufupishwa Mina, Mariamu huwa Mamu, Zainabu huwa Zai au Zena. Neema halifupishiki kirahisi. Lisikilize pia jina likiwa na la ukoo au la babu, maana shuleni litaitwa yote pamoja. Zainabu ni refu, kwa hiyo huketi vizuri na ukoo mfupi kama Swai au Shayo. Amina na Neema huweza kubeba ukoo mrefu kama Pallangyo bila kumchosha mwalimu.

Na usisahau kwamba jina la mtoto wa kwanza ndilo utakaloitwa wewe. Kuanzia siku hiyo muuza mkaa, mwenye nyumba na mwenzako wa kikoba watakuita Mama Aisha au Mama Neema mpaka uzeeni. Liseme kwa sauti, "Mama Zainabu, karibu ndani", uone kama linakukaa.

Kwa hali yako

Kama nyumba yenu ina Waislamu na Wakristo na mnataka jina ambalo hakuna atakayelikwepa, anzeni na Mariamu au Neema. Mkiona Neema ni wengi mno mtaani, Rehema linafanya kazi ile ile na wajina wake ni wachache kidogo.

Kama mnataka jina la Kiislamu lisilo na shaka, na mna kiu ya binti wa elimu, Aisha linawafaa, mradi msimamie tahajia. Kama mnamtaka awe na moyo wa kusimama penye dhuluma, au mnamkumbuka shangazi aliyewalea, chukueni Zainabu.

Kama mama mkwe ni Mkristo na ninyi ni Waislamu, na hamtaki jina liwe ugomvi wa kwanza wa mtoto, fikirieni Amina. Hilo hilo linawafaa wanaohama mara kwa mara kikazi, kwa sababu kuanzia Mombasa hadi Dakar linajulikana, hata kama huko Senegal watamwita Aminata.

Kama mtoto alipatikana kwa taabu, mimba zilitangulia kuharibika, au alizaliwa kabla ya siku zake, kaeni na Aisha na Neema mkayapime. La kwanza linamwombea uhai, la pili linashukuru kwamba amefika. Mzazi mmoja akipenda hili na mwingine lile, moja linaweza kuwa jina la kwanza na la pili likawa la nyumbani.

Na kama ukoo ni wa Kichaga na zamu ya bibi imefika, msibishane naye. Mpeni mtoto Manka au Aika liwe la nyumbani, jina ambalo bibi atamwitia mgombani, na hili la Kiarabu liende kwenye cheti. Au fanyeni kinyume chake. Watoto wengi wa huku wamekua na majina mawili na hawajawahi kuchanganyikiwa. Lililo muhimu ni wazee wa pande zote mbili waulizwe kabla ya siku ya akika au ya ubatizo, kwa simu kama wako mbali, na jina liamuliwe wao wakiwa wanajua.